Pingamizi la Popo wa Stesheni

Kwa heshima na taadhima, na kwa niaba ya wote watakaozaliwa baada yangu, natangaza kwamba katika historia nzima ya reli hakuna mwanafunzi wa kidato cha tatu aliyewahi kufanya jambo kubwa kuliko langu. Wapo waliowahi kusimamisha treni. Kusimamisha treni si kazi, hata ng'ombe anaweza akiamua kulala relini. Mimi nilisimamisha stesheni. Stesheni nzima, na majukwaa yake manne, na ngazi zake za umeme, na vyoo vyake vya kisasa, kwa karatasi moja iliyochanwa kwenye daftari la jiografia.

Sikukusudia. Nilikuwa kwenye foleni na nilikuwa nimemaliza kuhesabu mashimo ya dari.

Nianze na jinsi nilivyofika kwenye foleni. Shule yetu ni ya bweni, na ikifungwa tunagawiwa kwa wazazi wetu kama vyombo vilivyoazimwa. Likizo hiyo mama alikataa katakata kunipokea. Alikuwa na sababu. Likizo iliyotangulia nilibandika tangazo mlangoni kwetu kwamba nyumba inapangishwa, na watu kumi na saba wakaja kuiangalia, wawili kati yao wakiwa wamebeba godoro kabisa. Baba alitoka bafuni na taulo akakuta familia ya watu watano inapima madirisha. Basi mama akanifungashia akanipeleka kwa mama mdogo.

"Mdogo wangu ni mtu wa kazi," alisema. "Ukikaa kwake utajifunza kunyamaza."

Mama mdogo ni afisa ardhi wa mradi wa stesheni mpya. Watu wakisikia mradi wa stesheni hufikiria kofia ngumu na matingatinga. Kumbe kabla ya tingatinga kuna mwanamke mmoja mwenye viatu vilivyoisha visigino, anayetembea nyumba hadi nyumba na faili kwapani, akiwaomba watu wakubali. Huyu wa mpaka, yule wa mfereji, mwingine wa kivuli ambacho jengo litatupa juu ya kamba yake ya nguo. Wote lazima wakubali, na wote lazima wasaini, na kila sahihi inataka chai.

Stesheni yenyewe ilikuwa inahitaji kujengwa upya, hilo hakuna aliyebisha. Ilikuwa imejengwa kwa ajili ya treni mbili kwa siku, na sasa zinapita kumi na nane. Asubuhi umati wote hutoka kwa mlango mmoja, ambao upana wake ni wa watu wawili wembamba waliopatana. Mvua ikianza hunyesha nje kwanza, kisha ndani, na ikiisha huisha nje kwanza. Na juu, kati ya mabati na dari, wanaishi popo wengi kiasi kwamba wasafiri wa zamani hawasimami chini ya saa ya ukutani hata kama kuna nafasi.

Meza ya chakula ya mama mdogo ilikuwa imefunikwa na ramani ya mradi kwa miezi minane. Tulikula sahani zikiwa magotini, tukiitazama. Vipande vya ardhi vilikuwa kumi na viwili. Kila mwenye kipande alipokubali, mama mdogo alikipaka rangi ya kijani kwa penseli, taratibu, bila kutoka nje ya mstari. Nilipofika vyote vilikuwa vya kijani, isipokuwa kimoja chembamba kama utepe kilichopakwa mistari ya kijani tu, nusunusu.

"Hiki vipi? Rangi iliisha?" niliuliza.

"Hicho ni cha Mzee Sekunde. Amekubali, lakini neno lake lina mwisho."

Mzee Sekunde ni fundi saa. Banda lake liko ubavuni mwa stesheni, kwenye utepe wa ardhi wenye upana wa mita nne, na utepe huo una hati halali aliyorithi kwa baba yake. Mita nne ni kitu gani? Ni mlango mpya wa kutokea. Bila utepe ule, stesheni mpya ingekuwa na majukwaa manne na abiria wangetokea dirishani.

Mama mdogo alimwendea mara ishirini na tatu. Mwishowe mzee alikubali kwa masharti mawili: apewe kibanda kwenye mlango mpya, upande unaopata mwanga wa asubuhi, kwa sababu anafanya kazi kwa macho yake na macho yake hayapendi taa; na kibali cha ujenzi kiwe kimetoka kabla ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi, saa kumi jioni. Baada ya hapo zamu ingekuwa ya kijana wake mkubwa, aliyekuwa amepata mtu wa kujenga ghala hapo. "Nimewapa wote wawili neno," mzee alisema. "Wewe wa kwanza, yeye wa pili. Siwezi kula neno la mmoja nikamlisha mwingine."

Kamati ya mipango miji ingekaa Alhamisi, siku moja kabla. Kwa hiyo kila kitu kilikuwa kimepangwa, siku kwa siku, na mama mdogo alikuwa ameanza hata kuimba akiwa bafuni.

Hapo ndipo aliponituma mimi.

Ilikuwa Ijumaa, wiki nzima kabla ya ile ya mwisho. Alinipa bahasha nipeleke masjala ya ofisi ya mipango miji. "Wakupigie muhuri wa kupokelewa, urudi. Usiongee na mtu."

Masjala ni chumba kirefu chenye benchi moja, kaunta moja na karani mmoja. Watu humwita Gonga, kwa sababu ya muhuri. Gonga hainui kichwa. Karatasi ikiteremka juu ya kaunta anaigeuza, anaangalia kama ina mstari wa YAH, anagonga muhuri, pa! anaiandika kwenye daftari kubwa la jalada jekundu, anaita "Anayefuata." Nadhani angeweza kukutana na mama yake mzazi sokoni asimjue, lakini akamtambua kwa mwandiko.

Mbele yangu kulikuwa na watu kumi na wanne. Ukutani kulikuwa na tangazo la stesheni yetu. Nililisoma mara moja, nikalisoma tena. Lilisema kwamba mtu yeyote, kikundi au jumuiya yoyote yenye pingamizi dhidi ya ujenzi huo iwasilishe kwa maandishi ndani ya siku ishirini na moja. Nikahesabu. Siku ya ishirini na moja ilikuwa ile ile, na ofisi ilikuwa imebakiza saa moja na nusu tu ifungwe.

Ndugu msomaji, kuna watoto huona bwawa la maji wakatafuta jiwe. Nilikuwa na daftari la jiografia kwenye mkoba, na kalamu. Shuleni kwetu adhabu ya kila kosa ni kuandika barua rasmi ya kuomba radhi, na kwa makosa yangu nimekuwa bingwa wa barua rasmi. Niliandika hivi:

Umoja wa Popo Wakazi wa Paa,
Stesheni, upande wa juu.

YAH: PINGAMIZI DHIDI YA UJENZI WA STESHENI MPYA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi popo wa stesheni, tupatao mia nne bila kuhesabu wanaonyonya, tunapinga. Tumeishi katika paa hili kwa vizazi sitini na hatujawahi kudaiwa kelele. Hatukushirikishwa. Mikutano yote ya wananchi iliitishwa mchana, wakati ambao Mheshimiwa unajua fika kwamba tumelala. Ramani ilibandikwa kichwa juu na miguu chini, nasi tulipoitazama kutoka darini tukadhani ni ya mji mwingine. Aidha, paa jipya ni la kioo. Mheshimiwa, je, wewe unaweza kulala ndani ya taa?

Tunaomba giza, mbao za kushikia, na kifuta machozi cha mapera yaliyoiva.

Wako katika kuning'inia,
Mwenyekiti.

Nilisaini kwa mkono wa kushoto, nikachora kibawa kidogo. Zamu yangu ilipofika niliteremsha bahasha ya mama mdogo, pa! Kisha nikateremsha barua ya popo. Niliwaza atasoma, atacheka, ataitupa, na labda atainua kichwa. Pa! Akaandika kwenye daftari jekundu: pingamizi namba saba.

"Anayefuata."

Nilitoka nje nikicheka peke yangu mpaka muuza magazeti akanisogezea kiti.

Nilicheka Jumamosi. Nilicheka Jumapili. Jumatatu alasiri mama mdogo alirudi nyumbani mapema, akafunga mlango, akakaa sakafuni na viatu vyake.

"Mama mdogo, unaumwa?"

"Kuna pingamizi," alisema.

"La nani?"

"La popo."

Nilikuwa tayari kucheka. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Lakini alikuwa hachezi, na kicheko changu kikarudi ndani kama kobe.

Alinieleza yote, kwa sauti ndogo. Ofisa mipango alimwita ofisini. Ofisa alikuwa ameisoma ile barua, na hata yeye alikuwa amecheka. Lakini kanuni inasema pingamizi likishapewa namba haliwezi kufutwa na ofisi. Lina njia mbili tu. Ama mpingaji asikilizwe, na kikao cha kumsikiliza kinaitishwa kwa notisi ya siku kumi na nne, na kamati haitoi kibali hadi hapo. Ama mpingaji aje mwenyewe mbele ya kamati, asaini kuliondoa, na mwombaji asaini pembeni yake.

"Nikamwambia, dada yangu, ni popo. Akaniambia, najua ni upuuzi, lakini daftari halijui."

"Siku kumi na nne..." nilisema.

"Ijumaa ya Mzee Sekunde itakuwa imeshapita. Utepe unakwenda kwa mtu wa ghala. Hakuna mlango. Hakuna stesheni." Alivua kiatu kimoja akakitazama kisigino. "Miezi minane, mwanangu. Mimi simchukii huyo mtu. Nataka tu kumjua. Nataka nimuulize, nilikukosea nini?"

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi yangu ya kusema. Nafasi kubwa, pana, yenye zulia. Nikaipita.

Mbaya zaidi, aliweka nakala ya barua juu ya ramani, na macho yangu yakatua kwenye kona ya juu kulia. Pale palikuwa na namba, imeandikwa vizuri na kuzungushiwa duara: 318.

Ngoja niwaeleze waliosoma shule za kutwa. Bwenini kila mtu ana namba, na kila kitu chako kina namba hiyo, la sivyo si chako tena. Ndoo yangu ni 318. Kijiko changu ni 318. Shuka, soksi, sabuni, hata nusu ya sabuni ikibaki inaandikwa upya. Karatasi ikifika mikononi mwako, kabla hujafikiri, mkono umeshaandika namba kwenye kona. Nilikuwa nimebadilisha mwandiko, nimesaini kwa kushoto, nimekuwa popo mia nne, halafu nikaandika namba yangu ya bweni juu.

"Hii namba ni nini?" niliuliza, na sauti yangu ikatoka kama ya filimbi.

"Karani anasema labda ni ya faili."

"Ndiyo!" nilisema. "Ni ya faili kabisa. Inaonekana."

Jioni ile nilipata bidii ya usafi ambayo mama mdogo hakuwahi kuiona. Nilianua taulo langu kwenye kamba. Nilitoa shuka nikazigeuza. Ndoo niliifunika, kijiko nikakiingiza chini ya godoro, na soksi nikazivaa ndani nje. Mama mdogo akanipita akiwa na faili zake, akasema, "Afadhali wewe, mwanangu, unanisaidia." Maneno hayo yaliniingia kama mwiba wa samaki.

Jumanne nilijaribu kutengeneza nilichoharibu, kwa ujuzi ule ule niliokiharibia. Niliandika barua ya popo ya kujitoa: kwamba umoja umekaa, umetafakari, umeona mbele, na umeamua kuhamia kwenye kengele ya shule ya msingi kwa maslahi ya usafiri. Nikajitahidi kona isiwe na namba. Nikaipeleka masjala. Gonga akaigeuza, akakuta ina YAH, akanyanyua muhuri. Nikafunga macho. Muhuri haukushuka.

"Kuondoa pingamizi hakupokelewi hapa," aliiambia karatasi. "Mpingaji aende mbele ya kamati, Alhamisi, saa tatu. Na mwombaji awe pembeni yake. Anayefuata."

Mwombaji ni mama mdogo. Kwa maneno mengine, hakuna mlango wa nyuma. Yeyote ambaye angewaondoa popo wale angewaondoa akiwa amesimama bega kwa bega na mama mdogo, na kalamu moja.

Jumatano mama mdogo alinichukua twende kwa Mzee Sekunde. Alitaka kumwomba siku kumi na nne zaidi.

Banda lake ni dogo kuliko kabati letu la shuleni. Ukutani saa zaidi ya hamsini, na zote zinakubaliana. Juu ya meza kuna kitambaa cheupe, na juu ya kitambaa vipande vidogo vilivyopangwa kwa mstari, vidogo kiasi kwamba mtu anajikuta anapumua pembeni. Mzee mwenyewe alikuwa na kioo cha kukuzia kimebanwa kwenye jicho moja, na hakukitoa alipotupokea, kwa hiyo jicho moja lilitupokea kama watu na lingine kama skrubu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Huyu ndiye wa bwenini?"

"Ndiye," mama mdogo alisema. "Baba, nimekuja na aibu. Naomba uniongezee siku."

Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akatingisha kichwa. "Binti yangu, ningekuwa na siku ningekupa. Lakini hizo unazoomba si zangu tena, nimeshamwahidi kijana wangu. Nikikupa wewe nitakuwa namwibia yeye. Saa ni saa."

"Hata kama ni popo?"

"Popo gani?"

Mama mdogo akampa nakala. Mzee akaisoma kwa kioo, mstari kwa mstari, kama anayetafuta kutu. Alipofika kwenye kulala ndani ya taa mabega yalianza kumtikisika. Kwenye mapera akaweka karatasi chini, akacheka mpaka akakohoa, mpaka saa moja ukutani ikapiga bila kuambiwa.

"Lo! Lo, lo! Huyu ana akili. Ana akili na hana kazi." Akafuta machozi. "Huyu ni mtu wa shule. Na hii namba?"

"Ya faili," nilisema haraka mno.

"Hapana. Namba ya faili angeiandika karani, kwa kalamu ya karani. Hii ni ya kalamu ya barua yenyewe, tena wino umevuja vilevile, ona." Akanigeukia, kwa lile jicho la skrubu. "Mjukuu wangu, saa yako inachelewa."

"Haichelewi, babu."

"Inachelewa. Lete."

Utafanyaje? Mtu mzima akiomba kitu unampa. Nilifungua mkanda nikampa, na mkono wangu ulipoiachia ndipo nilipokumbuka ndani ya kile kifuniko cha nyuma nilichora nini kwa sindano, kidato cha kwanza, wiki ya kwanza, baada ya kuibiwa vifungo viwili.

Mzee alitia kisu chembamba, kifuniko kikafunguka, tik. Akatazama. Alitazama kwa muda mrefu kuliko saa ya bei rahisi inavyostahili. Mama mdogo alikuwa anaangalia nje, kwenye mlango wa stesheni, ambako watu wa treni ya saa tisa walikuwa wanatoka wawiliwawili, wakisukumana.

Mzee alifunga kifuniko, akanirudishia saa.

"Imechelewa kidogo tu," aliniambia. "Ya kuchelewa hivi hutengenezeka. Lakini aitengeneze mwenyewe anayeivaa. Mimi fundi siwezi kumtengenezea."

"Ahsante, babu," nilisema.

"Kesho na mimi nitakuja huko kwenye kamati," aliongeza. "Nataka kuwaona hao popo."

Alhamisi saa tatu kamili kamati ilikaa. Ni watu saba, meza ya umbo la kiatu cha farasi, jagi la maji na feni iliyokuwa inazungusha joto lile lile. Mama mdogo alivaa gauni lake la mikutano. Kwenye benchi la nyuma alikaa Mzee Sekunde, mikono juu ya fimbo, na mimi nilikaa kati yao kama mshukiwa, ingawa ni mmoja tu aliyejua.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani ya kamba. "Ombi la stesheni," alisoma. "Mapingamizi saba. Sita yamejibiwa na kuondolewa. La saba..." Akavaa miwani, akaivua, akaivaa tena. "La saba linatoka kwa popo."

Hakuna aliyecheka. Chumba kile mtu hacheki mpaka iandikwe kwenye muhtasari.

"Mpingaji yupo?"

Feni ikazunguka. Mama mdogo alikuwa ameinamisha kichwa, na niliona vidole vyake vimeshika kona ya faili, vikiikunja na kuikunjua. Ni vidole vilivyopaka vipande kumi na kimoja rangi ya kijani bila kutoka nje ya mstari.

"Kwa mara ya pili. Mpingaji yupo? Kama hayupo, tunaahirisha."

"Yupo," nilisema, nikasimama.

Mama mdogo alinigeukia kama mtu aliyeuma jiwe katikati ya tonge.

"Wewe ni popo?" mwenyekiti aliuliza.

"Hapana, mheshimiwa. Ni mwanafunzi."

"Popo wamekutuma?"

"Hapana. Popo hawajui lolote. Hawana hatia." Nilitaka kuendelea kwa lugha ya barua, maana ndiyo ninayoijua, lakini nikaiacha. "Niliandika mimi. Nilikuwa nasubiri foleni, nikaona ni mzaha. Nilipojua si mzaha, nikaogopa kusema. Mama mdogo hakujua. Nimemwona siku nne anahangaika nami nikamwona tu. Naomba nisaini hiyo karatasi ya kuondoa. Na namba iliyo juu ni yangu ya bweni."

Mwanasheria wa kamati alinong'ona kitu. Mwenyekiti akaniuliza umri, nikasema kumi na sita. Akasema mtoto hawezi kusaini bila mlezi. "Mlezi wako yuko wapi?"

Nikamwonesha kwa kidole.

Basi mama mdogo alisaini mara mbili kwenye karatasi moja, kama mwombaji na kama mlezi wa mpingaji, bila kunitazama. Ilipofika zamu yangu nilisaini kwa mkono wa kulia, jina kamili, bila kibawa.

Kamati iliuliza maswali mawili kuhusu mifereji, na moja kuhusu vyoo. Kisha mjumbe mmoja mwembamba, ambaye hakuwa amesema lolote, alinyanyua mkono akasema kwamba hata hivyo hoja ya paa ina mantiki, na wanyama wale wanakula mbu wengi sana. Wakajadiliana kwa dakika ishirini, kwa uzito kabisa. Kibali kilitoka saa tano asubuhi, na sharti moja la nyongeza: kabla paa la zamani halijabomolewa, mradi utundike masanduku thelathini ya mbao kwa ajili ya popo, nyuma ya jengo, kwenye giza.

Koridoni Mzee Sekunde aliangalia saa yake. "Ijumaa saa kumi bado," alisema, akaomba kalamu, akasaini hati ya utepe wake palepale juu ya goti, kisha akamwambia mama mdogo asisahau, mwanga wa asubuhi. Mama mdogo alimshika mikono yote miwili. Alipogeuka, nikawa nimebaki mimi.

"Kwa nini hukuniambia Jumatatu?"

"Uliuliza ulimkosea nini huyo mtu, nikakosa jibu. Hukunikosea kitu, mama mdogo."

Alinitazama. Alikuwa amekasirika, na alikuwa na furaha, na vitu viwili hivyo vilikuwa vinagombania uso mmoja. "Masanduku thelathini," alisema. "Unajua kupiga msumari?"

"Hapana."

"Utajua. Likizo bado ina wiki mbili." Na pembe moja ya mdomo wake ikanisaliti, ikapanda. "Ndani ya taa! Umeyatoa wapi haya, mtoto wewe? Basi. Yameisha. Hakuna jingine ninalopaswa kulijua?"

"Hakuna," nilisema, kwa moyo mweupe kama karatasi.

Mlango wa masjala ukafunguka. Akatoka Gonga mwenyewe, daftari jekundu kwapani, kichwa chini kama kawaida, akisoma kucha zetu mpaka akafika kwenye zangu zenye wino.

"Binti, wewe ndiye wa popo? Pole sana na msiba."

"Msiba gani?" mama mdogo aliuliza.

"Wa mwenyekiti wao. Jumanne alipiga simu mtu mwenye sauti nzito, akajitambulisha kama katibu, akasema mwenyekiti wa popo amefariki na pingamizi lizikwe naye. Nimeiandika hapa, ona. Nikamwambia alete cheti cha kifo. Bado nangoja."

Mama mdogo aligeuka taratibu, mwili mzima, kama treni inayobadilisha reli.

"Ni mimi, mama mdogo," nilikiri. "Nilifunika simu kwa soksi. Lakini nilisema alikufa kwa amani, usingizini, akiwa ananing'inia."